Inanuka, Inanukia

Siku mliyoniaga mlinipa keki, saa ya ukutani na nafasi ya kusema maneno machache. Nilipofika neno la tatu pilau ikaletwa, nami sikuona sababu ya kushindana na pilau. Kwa hiyo ninaandika. Mtakaosoma ni nyinyi vijana mlioachiwa mashine, ndoo na wateja wangu. Wengi wenu mmekuwa mkiniuliza kwa nini cheti changu cha kuondoa harufu kilichelewa kuliko vya wenzangu wa darasa lile lile. Nilikuwa nikijibu kwamba karani alikosea. Karani hakukosea, maskini, na leo namtua mzigo.

Vyeo sitavitaja. Vilikuwa viwili na vyote vilikuja na funguo za stoo, basi. Mshahara nao tuuache upumzike, umechoka kuliko mimi.

Nimezaliwa kwenye mashamba ya mkonge, njia ya kwenda Muheza, baba yangu akiwa Msambaa aliyeshuka mlimani kufuata kazi. Nyumba zetu zilikuwa upande wa chini wa korona, kile kiwanda kinachosaga majani ya mkonge kutoa nyuzi, na maji yake yenye makapi yalipita nyuma ya jiko letu. Asiyewahi kusikia harufu ya makapi ya mkonge yaliyolala juani amshukuru Mungu wake. Sisi tulikula, tukaimba mapambio na kupata kipaimara katikati ya harufu ile bila kujua kama ipo. Nilipokuja mjini Tanga kuomba kazi ya usafi pale Chumbageni, tajiri wa kampuni aliniuliza swali moja tu, kama ninaweza kuvumilia harufu mbaya. Nikamuuliza, harufu gani? Akaniajiri papo hapo.

Siku ya kwanza nilikabidhiwa kwa Bi Tatu, mwanamke wa Ngamiani, mfupi, mwenye ulimi mkali na pua kali zaidi. Tulipelekwa kwenye nyumba ambayo wenyewe walikuwa wamesafiri, umeme ukakatika nyuma yao, na friji ilikuwa imejaa nguru na changu. Bi Tatu alifungua mlango wa friji, akaufunga polepole, akaniagiza nikanunue mkaa. Nikadhani tunapika. Nikauliza na mafuta je? Alinitazama kwa muda, kisha akanifundisha kazi. Unatoa kilichooza chote, unaosha kwa maji ya moto na magadi, unapangusa kwa siki, unaufungua mpira wa mlango maana ndimo shombo linamojificha, halafu ndipo unaweka beseni la mkaa ndani na kufunga. Mkaa hunyonya harufu. Ila hauwezi kunyonya harufu ya samaki ambaye bado yumo ndani, na mtakutana na mafundi wengi ambao hawajalifahamu hilo.

Alinifundisha na majina. Shombo ni la samaki, uvundo ni wa kitu kilichofungiwa na unyevu, kikwapa mnakijua wenyewe. Kila moja lina dawa yake, na kila moja lina namna ya kumwambia mteja. Ukimwambia mtu nyumba yako inanuka, umemtukania mama yake. Ukimwambia naona kuna uvundo kidogo pembe ile, anakuitikia kwa huzuni kama vile umemwambia kuna mgonjwa.

La tatu alilonifundisha ndilo kubwa. Pua huchoka kabla ya miguu. Ukiingia ndani, pumzi zako za kwanza ndizo zinazosema kweli, baada ya hapo pua inazoea na kuanza kukubembeleza. Kwa hiyo usinuse kwa pupa. Nusa kidogo, toka nje, nusa mkono wako mwenyewe uliooshwa kwa sabuni, urudi. Nimewaona vijana wetu wanaingia na simu sikioni, wanakaa ndani nusu saa, wanatoka wanasema bosi, hakuna harufu. Ipo. Ni nyinyi ambao hampo.

Sasa tatizo la kufanya kazi hii Tanga ni ustaarabu wa Tanga. Mtu anakupigia simu, nyumba imemshinda, watoto wamehamia kwa bibi yao. Unakwenda mbio na vifaa. Unafika, unapiga hodi, unakuta nyumba imefagiwa na kufukizwa udi na ubani mpaka macho yanatoa machozi, kwa sababu wageni wanakuja, na wageni ndio sisi. Mficha maradhi, kifo humuumbua, lakini hakuna aliyemwambia mwenye maradhi kwamba kifo kikija akivukizie. Tulikuwa tunakaa barazani kunywa kahawa ya watu mpaka udi utoke, ndipo tuanze kutafuta panya. Kuna meneja mmoja aliyetung'olea viti vyote vya gari lake akiapa kuna mzoga ndani. Tulikuta tunda la doriani chini ya kiti cha nyuma, limefungwa vizuri kwenye gazeti. Mama mkwe wake alikuwa ameliweka kama zawadi, akaona haya kulitaja. Meneja naye aliona haya kulitupa.

Nilikwenda hivyo miaka mingi, kwa mkaa na siki. Kisha hoteli za pwani, kuanzia Pangani kushuka mpaka Mkwaja, zikaanza kutaka mafundi wenye vyeti. Harufu zenyewe hazikuwahi kuuliza cheti, lakini tajiri wetu alikuwa mtu mwepesi kusoma upepo. Akamleta mwalimu kutoka Dar es Salaam, akatukodishia ukumbi wa kanisa, akatutangazia kwamba atakayepata cheti atakwenda mahotelini, na atakayekosa atarudi kuosha makochi. Kuosha makochi si kazi mbaya. Mgongo wangu ndio uliokuwa na maoni tofauti.

Mwalimu Kimaro alikuwa Mchagga mrefu, mpole, mwenye kusema kidogo. Alishuka kwenye gari na mashine ya ozoni ameifunga blanketi kama mtoto mchanga. Darasa lake lilikuwa zuri, na ninayasema haya kwa sababu nyinyi mmezoea kucheka masomo ya darasani. Ni yeye aliyetueleza kwa nini mkaa unafanya kazi, kwa nini jua likipiga ukuta harufu inaamka, kwa nini mkojo wa paka uliokauka unarudi kila mvua ikinyesha. Alitueleza kwamba ile mashine haichagui. Inaua harufu, na ukijifungia nayo chumbani inakufikiria na wewe. Watu nje, kuku nje, maua nje, milango ifungwe, na ikizimwa nyumba ipigwe upepo kabla mtu hajaingia. Ukumbi wenyewe ulikuwa na popo darini, kwa hiyo mazoezi hatukuyafuata mbali.

Sheria zake zilikuwa tatu, na kila asubuhi tuliziimba kama watoto wa shule. Tafuta chanzo. Ondoa chanzo. Usifunike. Bi Tatu, ambaye alikuwa mwanafunzi mwenzangu na alikuwa na miaka mingi kazini kuliko mwalimu, aliinua mkono siku ya kwanza akauliza kama udi nao ni kufunika. Mwalimu akasema ndiyo. Bi Tatu akakaa chini, akaninong'oneza kwamba huyu bwana kwao hawana harusi.

Mtihani ulikuwa nyumba ya kweli ya mteja wa kweli. Unapewa kadi yenye tatizo, unakwenda na mwenzako mmoja wa kukusaidia kubeba, unafanya kazi, unafunga. Kesho yake mwalimu anaingia peke yake. Akisikia harufu yoyote, nzuri au mbaya, umefeli. Bi Tatu alipewa stoo ya dagaa, akaimaliza kwa muda mfupi akaenda kusuka nywele. Kadi yangu mimi ilisema: nyumba Ngamiani, chumba cha kati, inanuka, wanunuzi wanakimbia.

Tulikwenda mimi na Bi Tatu tukiwa na glavu, barakoa, dawa ya panya na ile mashine ya ozoni. Ilikuwa nyumba ya Kiswahili ya zamani, ukumbi katikati na vyumba pande zote mbili, mapaa ya bati juu ya boriti. Mlangoni tulipokewa na Jumaa, kijana wa makamo, shati limenyooshwa, ndiye aliyemtumia mwalimu ujumbe. Nyumba ilikuwa ya marehemu baba yake mkubwa. Marehemu hakuacha mtoto, aliacha mjane, Bi Mwanahawa, na kwa sheria ya mirathi mjane asiye na mtoto ana robo yake, kinachobaki kilimwangukia Jumaa. Haki yake, hakuiba. Alitaka kuuza, ampe mama mkubwa robo yake, akaanzie biashara yake. Ila ile robo isingemnunulia yule mama hata choo cha nyumba nyingine. Angekwenda kupanga chumba uzeeni, baada ya kuingia nyumba ile akiwa bibi harusi.

Tulifungua chumba cha kati. Nilivuta pumzi yangu ya kwanza, ile inayosema kweli, nikaivua barakoa.

Chumba kilinukia. Kilinukia mawaridi, na chini ya mawaridi kitu kizito zaidi, cha usiku wa harusi. Chetezo kilikuwa dirishani, kikavu, baridi, kimeoshwa. Hapakuwa na moto wala moshi. Ilikuwa alasiri na harufu ilikuwa inapanda mbele yetu, pumzi kwa pumzi, kama vile kuna mtu ameingia na kuanza kujipamba.

Hapo ndipo nilipoelewa kadi. Jumaa alikuwa ameandika ujumbe wake kwa haraka, akaruka herufi moja. Wenzetu wa lugha nyingine sijui wanafanyaje, lakini sisi kati ya kunuka na kunukia tuna i moja tu, na ndani ya hiyo i mna tofauti ya mzoga na bibi harusi. Mwalimu alinakili alichoandikiwa. Mimi nikaja na dawa ya panya.

Nilipogeuka kumwambia Bi Tatu, hakuwepo. Alikuwa amefika barabarani.

"Mie siingii," alisema. "Hiyo si kazi ya siki. Hapo pana ruhani."

Kwa mlio wageni, ruhani ni jini anayependa manukato, na mji mzima unajua kwamba nyumba ikinukia alasiri bila mtu kufukiza, ina wenyewe. Ndivyo walivyosema wanunuzi wawili waliotangulia. Mmoja aliacha kofia. Bi Tatu, mwanamke niliyemwona akiingiza mkono ndani ya bomba la choo huku akisimulia habari za mawifi zake, alikaa kwenye kibaraza cha jirani akaanza kusoma alichokijua. Sikumcheka. Sisi Walutheri tuna hofu zetu, ila hazina manukato.

Basi nikafanya nilivyofundishwa. Nilifunga dirisha. Nilinusa chini sakafuni, nikatoka, nikarudi. Nilinusa katikati, kitanda, godoro, kabati, mapazia, nikatoka, nikarudi. Chini hamna, katikati kidogo, juu ndiko inakoshuka. Upande wa magharibi, bati lilikuwa limepokea jua tangu adhuhuri na linawaka. Nikasogeza meza, nikapanda, nikapitisha mkono juu ya boriti pale inapokutana na ukuta. Nikagusa pamba. Vipande vya pamba, vimechomekwa kwa ustadi kwenye kila ufa, vimelowa uturi, na bado vilikuwa vibichi. Vilikuwa vimetiwa asubuhi ile ile.

Niliposhuka, Bi Mwanahawa alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha kahawa ya tangawizi kwa ajili yangu. Mwembamba, amejifunga leso kifuani.

"Umepata, mwanangu?"

"Nimepata, Bi."

Akanipa kahawa. Akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akanieleza taratibu, bila kuomba. Alisema alipokuwa ndani ya eda hakujitia hata tone, kama inavyotakiwa. Jumaa alikuwa anakuja kila wiki na watu wa kupima kuta, wanapima huku yeye amekaa eda. Siku eda ilipokwisha alioga, akajitia uturi wake, akakitia na chumba chake, maana ndivyo alivyokuwa akifanya mume wake akiwa hai. Jioni hiyo akaja mnunuzi wa kwanza, akanusa, akakimbia.

"Mimi sijasema kuna jini," alisema. "Hata siku moja. Waulize. Wameuliza kama nimefukiza, nikasema sikufukiza. Sikufukiza. Nimetia pamba. Mtu kuitia nyumba yake uturi, mwanangu, ni dhambi?"

Nilisema si dhambi. Nilikunywa kahawa ili nisiseme jingine. Nikawaza mama yangu, siku baba alipofariki na shamba likaitaka nyumba yake kwa mfanyakazi mwingine, jinsi alivyokunja mikeka yetu bila kulia, na mimi nimebeba sufuria kichwani nikimfuata nyuma. Nilimpenda yule bibi palepale na nikaona uchungu, maana mashine ya ozoni ilikuwa nje ya mlango wa chumba na kadi mfukoni. Nikiwasha mashine na kuzoa pamba, napata cheti na yeye anapata robo. Nikimweleza Jumaa chanzo, mji mzima utamcheka mama yule mpaka kaburini.

Sikuiwasha. Niliifunga blanketi lake, nikamwambia Bi Mwanahawa shikamoo ya kuondoka, ambayo haipo, lakini ndiyo iliyonitoka. Akaniitikia marahaba.

Kesho yake alasiri mwalimu alikuja. Jumaa alikuwepo, amevaa lile shati lake la kupokelea wanunuzi, na Bi Tatu alikuwa kwenye kibaraza chake kwa jirani. Mwalimu aliingia chumba cha kati peke yake. Alikaa kidogo, akatoka, akanusa mkono wake, akarudi. Alipotoka mara ya pili aliniita.

"Hilda. Hiki chumba kinanukia."

"Ndiyo, Mwalimu. Kadi inasema kinanuka. Nimetafuta kinachonuka chumba kizima, sikukiona."

Jumaa akaanza kueleza kwamba alimaanisha inanukia, simu ndiyo iliyokula herufi. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho, kama alivyosikiliza kila mtu. Kisha akaniuliza swali la mtihani, na swali la mtihani halijibiwi kwa uongo.

"Chanzo umekiona?"

"Nimekiona."

"Kinaondoka?"

Nikamwangalia Bi Mwanahawa, aliyekuwa anakuja na sinia la kahawa, anakanyaga polepole, na leso yake inatembea na mawaridi ukumbi mzima. Nikamjibu mwalimu kwamba kikiondolewa leo, kesho kitarudi. Mwalimu naye akamtazama yule mama. Akapokea kikombe, akashukuru, akanywa funda moja. Pua yake ilifanya kitu kidogo sana ambacho ninyi mnaojua kazi mngekiona. Akamgeukia Jumaa.

"Tumekipata chanzo," alisema. "Ni mwenye nyumba. Hakiondoleki."

Mngeniona mimi nimesimama pale nikiangalia kikombe changu. Jumaa aliuliza kwa sauti ndogo, mwenye nyumba yupi? Mwalimu akasema, yule aliyekuwemo humu kabla yako, na hana nia ya kuhama. Rangi ilimtoka Jumaa. Akarudi kinyumenyume mpaka barazani, na tukamsikia Bi Tatu kule ng'ambo akimwambia, si nilikwambia? Bi Mwanahawa alimuuliza mwalimu kama aongezewe tangawizi.

Mwalimu aliibeba mashine mwenyewe mpaka kwenye gari. Nikajipa moyo. Akafungua mlango, akaweka mashine kwa uangalifu, akaniambia nimefanya kazi ya utafutaji bora kuliko darasa zima, na kwamba nimefeli. Chumba kina harufu. Kadi ilikosea herufi, lakini pua haikukosea. Nilimwambia na yeye si ndiye aliyesema hakiondoleki? Akasema yeye hakuwa anafanya mtihani.

Kwa hiyo ndiyo sababu cheti changu kilichelewa. Niliosha makochi msimu mzima, mwalimu akarudi na darasa jingine, akanipa ule ukumbi wa popo, nikautoa uvundo mpaka wazee wa kanisa wakalalamika hawaijui tena nyumba ya Mungu. Nilifaulu. Bi Tatu alikuwa mahotelini zamani, ananiletea sabuni ndogo ndogo za wageni kunipa pole.

Nyumba haikuuzika. Jumaa alipoona kodi ya chumba chake inamla, akahamia mle mle, chumba cha mbele, kwa sharti alilojiwekea mwenyewe kwamba hatakanyaga chumba cha kati baada ya adhuhuri. Nilikuwa nikipita Ngamiani kwa baiskeli namwona. Mwanzo alikuwa anakula hotelini. Baadaye akawa anakula barazani, chakula cha mama mkubwa. Baadaye nikamwona anamshika mkono kumvusha barabara kwenda kliniki ya macho, yeye anamgombeza aende taratibu, mama anamgombeza amenyoosha shati vibaya. Nikajisemea, haya, majini yana kazi nyingi.

Wiki yangu ya mwisho ofisini, kabla ya keki yenu, Jumaa aliingia. Kichwa kimeota mvi. Bi Mwanahawa alikuwa amefariki, matanga yameondolewa. Alikaa kwenye kiti cha wateja na nikadhani najua kilichomleta, maana sasa nyumba haikuwa na mjane wa kuhamishwa wala wa kuitia uturi. Nikamwambia sasa ataiuza bila shida, hana haja ya fundi. Akatikisa kichwa.

"Dada Hilda, zile pamba nilizijua," alisema. "Nilipobadilisha bati nilizikuta. Mwaka ule ule niliohamia."

Nikamuuliza alizifanya nini.

"Nilizirudisha mahali pake, moja moja, kabla hajatoka sokoni. Sikumwambia. Sasa zimekauka. Chumba hakina kitu. Mnaweza kuirudisha harufu yake?"

Nilimwambia kazi yetu ni kuondoa. Kurudisha hatukufundishwa. Halafu nikavua aproni, nikamkabidhi mmoja wenu simu ya ofisi, nikatoka naye kwa miguu mpaka kwa wauza uturi, na mwenye duka akatupangia chupa juu ya meza. Tulinusa moja moja, tukitoka nje na kurudi, kila mmoja ananusa mkono wake. Mimi pua ilichoka mapema, nikabaki namtazama yeye. Alikuwa ananusa, anaweka, ananusa, anaweka. Kisha akashika chupa moja ndogo yenye kizibo chekundu, akaiweka puani, na hakuiweka chini. Alisimama nayo hivyo mbele ya watu, mtu mzima na mvi zake, machozi yanamshuka, nami nikamwambia mwenye duka atufungie hiyo.